Ninyi ni wa Nani? Kanisa la Tanga Katika Vita vya 1914

Wazee wa Tanga wakisimulia vita vya Wajerumani, aghalabu huanza na nyuki waliowavamia askari porini. Watu hucheka. Lakini nyuma ya kicheko hicho wapo Wakristo wa Magila, Muheza na milima ya Usambara, ambao vita viliwaletea swali gumu: ninyi ni wa nani?

Vita vilipoanza Ulaya, Agosti 1914, wakuu wa Kijerumani wa Tanga walipatana na manowari za Waingereza kwamba mji usishambuliwe, nao usifanye uadui. Mapatano hayo hayakudumu. Tarehe 2 Novemba manowari Fox ilifika, nahodha wake akatangaza kwamba mapatano yamekwisha, akatoa muda wa saa moja mji usalimishwe. Kikosi cha watu wapatao 8,000 kutoka India kikashushwa Ras Kasone. Wajerumani na askari wao Waafrika, wapatao elfu moja chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, wakakishinda. Tarehe 5 Waingereza walipanda tena meli, wakaacha bunduki nyingi na maiti wengi.

Kutaka kukaa kando ya ugomvi wa wakubwa si jambo geni. Taifa la Marekani lilipokuwa changa, mwaka 1793, Rais George Washington alitangaza kwamba nchi yake haitaingia katika vita vya Uingereza na Ufaransa. Hata hivyo raia waligawanyika, wapinzani wa kisiasa wakaitana vibaraka wa taifa hili au lile. Wao walau walikuwa na serikali yao wenyewe. Watu wa Tanga hawakuulizwa neno.

Magila palikuwa mahali pa misheni ya Kianglikana ya UMCA, na wamisionari wake walikuwa Waingereza. Wajerumani waliwaweka kizuizini. Walimu Waafrika nao walikamatwa, kwa kuwa aliyefundishwa na Mwingereza alihesabiwa kuwa mtu wa Mwingereza. Mmoja wao alikuwa Martin Kayamba, Mbondei aliyesoma Kiungani, Unguja. Alifungwa kwa kushukiwa upelelezi.

Mwaka 1916 Waingereza waliiteka Tanga, na mambo yakageuka. Sasa Walutheri, waliobatizwa na misheni ya Bethel, ndio walioonekana kuwa watu wa adui. Vita vilipokwisha, wamisionari wao Wajerumani walifukuzwa nchini, wakaanza kurudi tangu 1925 tu. Mbatizwa wa Magila na mbatizwa wa Mlalo walimwamini Bwana mmoja, lakini kila mmoja alishukiwa kwa zamu yake, kwa sababu ya taifa la mwalimu wake.

Je, Kanisa lilikufa? Halikufa. Walimu na wazee wa kanisa waliobaki waliongoza ibada, wakafundisha watoto, wakazika wafu. Hapo ndipo lilipoonekana kuwa si la Mwingereza wala la Mjerumani. Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho waliojigawa kwa majina ya walimu wao. Wakristo wetu walijifunza neno hilo kwa taabu, bila kulichagua.

Naye Kayamba alipotoka kifungoni hakutafuta kisasi. Mwaka 1922, akiwa karani wa serikali mjini Tanga, aliongoza kuanzishwa kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Ndani yake Mkristo na Mwislamu walikaa pamoja. Mtu aliyefungwa kwa sababu ya kuhesabiwa upande fulani alijenga mahali pasipoulizwa upande.

Ndugu msomaji, leo hakuna anayetuuliza kama sisi ni wa Waingereza au wa Wajerumani. Lakini uchaguzi ukikaribia, twajua jinsi kwaya inavyoweza kugawanyika kwa rangi za vyama, na jinsi jirani wa benchi moja anavyonyimwa salamu. Ugomvi huo nao mara nyingi umeanzia kwa wakubwa wasiotujua majina. Wazee wetu wa 1914 hawakuwa na uwezo wa kuuzuia usifike mlangoni. Sisi tunao uwezo wa kutoukaribisha ndani. Jumapili ijayo, mpe mkono yule uliyemnyima.