Kuhuisha Mitaa ya Kihistoria: Mafunzo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa Ujiji

Na Mwandishi Wetu

Mkulima wa Rungwe Mpya wilayani Kasulu anayeteremsha maharage kuelekea ziwani huishia katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji. Wengi hufahamu sehemu ya Kigoma yenye stesheni na bandari. Ujiji, iliyo kilomita chache kusini yake, ndiyo kongwe zaidi, lakini leo haina pilikapilika zilizoifanya kuwa mojawapo ya miji mashuhuri ya bara. Makala haya yanaeleza jinsi mitaa ya kihistoria inavyoweza kuhuishwa kwa ushirikiano wa wakazi, wafanyabiashara wadogo na Serikali, kwa kutumia mfano wa Mji Mkongwe wa Zanzibar ambako kazi hiyo imefanyika kwa takriban miongo minne.

Historia kwa ufupi

Ujiji ilikuwa kituo cha mwisho cha njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo na kupitia Tabora, ikibeba pembe za ndovu na, kwa masikitiko makubwa, watu waliotekwa utumwani. Burton na Speke walifika hapo mwaka 1858. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone mahali ambapo leo pana mnara wa kumbukumbu na makumbusho. Pamoja na misafara hiyo ilikuja lugha ya Kiswahili, dini ya Kiislamu na ustaarabu wa nyumba zenye baraza, vikachanganyika na maisha ya Waha na ya watu waliovuka ziwa kutoka Manyema.

Reli ya Kati ilipofika ziwani mwaka 1914, kituo chake kilijengwa Kigoma, penye kina cha maji kinachofaa meli. Biashara ikahamia huko na Ujiji ikabaki kando. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo ya watumwa na pembe za ndovu, Ujiji ikiwamo, katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Hata hivyo, kuorodheshwa pekee hakuezeki nyumba wala hakumpatii mama lishe mteja.

Mji Mkongwe ulivyofikia hatari ya kuporomoka

Zanzibar iko upande wa pili wa njia hiyohiyo. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ujenzi huo hudumu karne nyingi iwapo paa halivuji. Maji yakipenya, boriti huoza, kuta hupoteza nguvu na ghorofa nzima huweza kuanguka.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa na kugawanywa kwa familia kadhaa kila moja. Nyingine zilibaki mali ya wakfu au ya watu binafsi. Kodi ilikuwa ndogo, na paa lililokuwa la wote halikuwa na mtu wa kulitengeneza. Kufikia miaka ya 1980 majengo yalikuwa yakianguka moja baada ya jingine.

Mwaka 1985 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliunda Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mpango wa uhifadhi ulioandaliwa katika miaka ya 1990 kwa ushirikiano na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni uliainisha majengo na kuweka masharti ya ukarabati. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2010 ikapitishwa sheria mpya inayoiongoza Mamlaka hiyo.

Forodhani: wauzaji wakiwa sehemu ya mpango

Mfano ulio wazi zaidi wa ushirikiano na wafanyabiashara wadogo ni bustani ya Forodhani. Kwa miaka mingi eneo hilo la pwani limekuwa mahali pa wauza urojo, mishikaki, samaki na juisi ya miwa. Bustani ilipochakaa, ukuta wa bahari ulikuwa umedhoofika, taa zilikuwa hafifu na usafi ulikuwa tatizo.

Ilikuwepo njia rahisi ya kuwaondoa wauzaji na kujenga bustani nadhifu isiyo na watu. Njia hiyo haikufuatwa. Ukarabati uliogharamiwa na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni, na kukamilika mwaka 2009, uliimarisha ukuta, ukaweka taa, njia za miguu na mifereji, na ukatenga eneo la wauza chakula. Leo wauzaji hao, wengi wakiwa wamevaa sare nyeupe, ni kivutio chenyewe. Wageni huja kwa ajili yao, na wenyeji huleta watoto wao jioni.

Mfano huu unaonyesha kwamba mtaa wa kale huishi kwa biashara zinazowahudumia wakazi wake. Duka la viungo, fundi cherehani na mchonga milango humpa mwenye nyumba kipato cha kutengeneza paa lake. Matamasha nayo yamesaidia: Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi, lililoanza mwaka 1998, na Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, hujaza nyumba za wageni na kuwapa kazi madereva, wapishi na mafundi.

Yasiyokwenda vizuri

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea. Watu wawili walipoteza maisha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mara nyingine ukuta huanguka na watu. Matengenezo madogo ya kila mwaka ni nafuu kuliko ukarabati mkubwa unaosubiri wafadhili.

Changamoto ya pili ni mafanikio yenyewe. Utalii ukikua, nyumba ya familia hugeuzwa hoteli na duka la mtaa hugeuzwa duka la vinyago. Kodi ikipanda, mpangaji wa kawaida huhama. Mtaa usio na watoto wanaokwenda chuoni asubuhi wala wazee wanaokaa barazani huwa umehifadhi kuta tu.

Changamoto ya tatu ni ufundi. Saruji ikipakwa juu ya ukuta wa mawe na chokaa huzuia unyevu kutoka, na ukuta huoza kwa ndani. Kwa hiyo mafundi wa chokaa na useremala wa asili ni sehemu ya uhifadhi, na kuwafundisha vijana kazi hiyo ni kuwapa ajira.

Nini kinawezekana Ujiji

Ujiji haina majumba ya mawe kama ya Unguja, lakini ina historia, ziwa na bidhaa: mawese, dagaa na vitenge, pamoja na asali na nafaka kutoka nyanda za juu za Kasulu na Kibondo. Mgeni anayetembelea makumbusho ya Livingstone leo anaweza kuondoka bila kununua kikombe cha chai mtaani. Kuiziba pengo hiyo hakuhitaji fedha nyingi bali mpangilio.

Kisheria, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo na maeneo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na inampa Waziri uwezo wa kutangaza mengine kuwa kumbukumbu. Mwananchi anayetaka kubomoa au kubadili jengo la zamani anashauriwa kuanzia ofisi ya serikali ya mtaa na kwa maofisa wa mambo ya kale.

Kwa upande wa mitaji, sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 2023 ili kurekebisha usimamizi wake, na ukarejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha wauza dagaa, waongoza wageni au wasindikaji wa mawese kilichosajiliwa kinaweza kuomba kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri.

Uzoefu wa Zanzibar unaonyesha mambo manne ya kuzingatia kabla ya kuanza: kuorodhesha nyumba na wamiliki wake, kuwashirikisha wafanyabiashara waliopo tangu hatua ya mipango, kuamua mapema nani atatengeneza paa na mfereji na kwa fedha gani, na kulinda nafasi ya mpangaji wa kipato cha chini.

Kazi hiyo haiwezi kufanywa na Serikali peke yake, wala haiwezi kuachiwa wafadhili. Mkutano mkuu wa mtaa ni mahali halali pa kuianzisha, na kila mkazi mtu mzima ana haki ya kuhudhuria na kusikilizwa.