Surge XT: Sintesaiza isiyouzwa, na namna ya kuipima kabla ya kuipa kazi ya mteja

MTAYARISHAJI wa muziki mwenye kompyuta moja, spika mbili na wateja wanaolipa kwa wimbo hana nafasi ya kukosea mara nyingi anapochagua vyombo vyake. Programu ikigoma katikati ya kurekodi, msanii aliyepanda daladala mbili kufika studio hurudi nyumbani mikono mitupu, na malipo ya siku hiyo huondoka naye.

Kwa sababu hiyo, inafaa kuitazama kwa makini Surge XT, sintesaiza ya kompyuta iliyotolewa Januari 2022 na ambayo hupakuliwa kutoka kwenye intaneti bila malipo yoyote. Kitu cha bure huvutia, lakini muda wa kukijifunza, kukizoea na kukijengea nyimbo haurudishwi.

Sintesaiza ni chombo kinachotengeneza sauti kwa njia ya umeme badala ya nyuzi, ngozi au pumzi. Wengi waliifahamu kwa sura ya kinanda: Minimoog ya Marekani iliyotoka mwaka 1970, kisha Yamaha DX7 ya Japani ya mwaka 1983, ambayo sauti zake zilitapakaa katika muziki wa dansi na wa pop duniani kote. Sintesaiza ya kompyuta huifanya kazi hiyo hiyo kwa hesabu. Kwa kila sekunde moja, programu hukokotoa kwa kawaida namba 44,100, na namba hizo hugeuzwa kuwa mtikisiko wa spika.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko watayarishaji wengi wa leo. Mwaka 1957 Max Mathews, mhandisi wa maabara za Bell nchini Marekani, aliifanya kompyuta ya IBM 704 ipige muziki wa sekunde 17. Mapinduzi ya studio za nyumbani yalikuja mwaka 1999, pale kampuni ya Steinberg ya Ujerumani ilipoupanua mfumo wake wa VST ili vyombo vya muziki viweze kuishi ndani ya programu ya kurekodia, vikipokea noti kutoka kwenye kinanda.

Surge ilizaliwa katika zama hizo. Mtunzi wake, Claes Johanson, aliiuza kupitia kampuni yake ndogo ya Vember Audio. Mwaka 2018 aliuweka hadharani msimbo wake wote chini ya leseni huria ya GPL, na watu wa kujitolea wakauchukua, wakaurekebisha na kuuongeza hadi ikapatikana Surge XT. Inafanya kazi katika kompyuta za Windows, za Apple na za Linux. Mwenye FL Studio, Cubase au Reaper huifungua kwa mfumo wa VST3.

Ndani yake mna pande mbili zinazoweza kupigwa kwa pamoja, kila upande ukiwa na vizalisha sauti vitatu, yaani oskileta, na vichujio viwili. Oskileta hizo huchaguliwa kutoka aina 12. Zipo zinazotoa mawimbi ya kawaida ya sintesaiza za kale, zipo zinazoiga uzi uliokwanyuliwa, na zipo zinazosoma majedwali ya mawimbi, mbinu iliyotangazwa na vinanda vya PPG vya Mjerumani Wolfgang Palm tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sauti zilizotengenezwa tayari ni zaidi ya 2,000.

Idadi hiyo ya sauti ndiyo inayotajwa kwanza na wanaoisifu, na ndiyo inayosaidia kidogo sana katika kuipima. Sauti za tayari hutengenezwa na mafundi ili zivutie zikisikika peke yake: zimejaa mwangwi, zimetanuliwa kushoto na kulia, na zinachukua nafasi yote. Zikiwekwa chini ya mwimbaji, pamoja na ngoma na besi, nyingi hugeuka ukungu. Kipimo cha haki ni kuchukua wimbo uliokwisha kukamilika, kuondoa chombo kimoja, na kukijaza kwa sauti ya programu mpya. Kama nafasi ile haijazwi ndani ya nusu saa, wingi wa sauti haujamsaidia mtayarishaji huyo.

Kipimo cha pili kinahusu nguvu ya kompyuta, na hapa ndipo matangazo ya sintesaiza nyingi yanapowapotosha watu. Programu nyingi hupiga noti moja bila shida. Lakini mpigaji huweka mkono mzima. Oskileta ya kawaida ya Surge inaweza kurudufiwa hadi mara 16 ili sauti iwe nene. Mtu akitumia oskileta tatu za namna hiyo na kupiga kodi ya noti nne, kompyuta inatakiwa kukokotoa mawimbi 192 kwa wakati mmoja. Akiwasha na upande wa pili, yanakuwa 384. Kompyuta mpakato ya mitumba, feni ikivuma na vumbi la miaka mitatu likiwa ndani, inaweza kuanza kukwaruza sauti kabla hata besi haijaingia.

Jaribio hilo lifanyike kwenye kompyuta ile ile itakayotumika kazini, wimbo mzima ukiwa umefunguliwa. Surge kwa kawaida haina uroho mkubwa wa nguvu za kompyuta, ila gharama yake hubadilika kulingana na aina ya oskileta na vichujio, hivyo sifa ya jumla haitoshi.

Linaloambatana na hilo ni ucheleweshaji. Ili kompyuta isikwaruze, mtayarishaji huiruhusu ikusanye hesabu zake kwa mafungu. Fungu la namba 256 linachelewesha sauti kwa takribani milisekunde sita. La namba 1,024 linachelewesha kwa milisekunde 23. Kwa mpigaji wa nyimbo za polepole, ishirini na tatu ni chache. Kwa singeli ni habari nyingine. Katika mwendo wa mapigo 200 kwa dakika, ambao ni wa kawaida katika muziki huo, robo ya pigo moja ina milisekunde 75 tu, kwa maana kwamba karibu theluthi yake imekwisha kabla kidole hakijasikika. Mpigaji hubaki akiukimbiza mdundo, na pengine akadhani mkono wake ndio wenye kasoro.

Usafi wa sauti nao una jaribio jepesi lisilohitaji mashine. Kwa kuwa kompyuta hukokotoa namba 44,100 kwa sekunde, haiwezi kubeba sauti yenye mtikisiko unaozidi nusu ya idadi hiyo, yaani 22,050. Sauti inayovuka mpaka huo haitoweki. Hurudi chini kama mpira uliogonga dari. Mtikisiko wa 30,000 utasikika kama 14,100, ambao hauna uhusiano wowote na noti iliyopigwa. Mtayarishaji achague wimbi kali lisilo na mwangwi, apige noti za juu kabisa, kisha aivute noti taratibu kuelekea juu. Akisikia miluzi inayoshuka wakati noti inapanda, ajue programu hiyo haikuandikwa kwa uangalifu. Isipokuwa moja ya oskileta za Surge, iitwayo Alias, inafanya hivyo kwa makusudi ili kutoa ukali wa michezo ya kompyuta ya zamani.

Halafu kuna simu. Wasikilizaji wengi hukutana na wimbo kwanza kwenye spika moja ndogo, ya simu au ya redio. Sauti iliyorudufiwa mara nyingi na kutawanywa kushoto na kulia inaweza kunywea pande hizo mbili zinapounganishwa. Kitufe cha kuunganisha pande kipo katika programu nyingi za kurekodia, na dakika moja ya kukibonyeza huokoa aibu.

Eneo ambalo Surge XT inastahili kusifiwa bila kusitasita, na ambalo wapimaji wa Ulaya na Marekani aghalabu hulipita kwa sentensi moja, ni urekebishaji wa ngazi ya noti. Kinanda cha kawaida kimegawa oktavu katika nusu toni 12 zilizo sawa. Taarabu ya Zanzibar, ambayo kikundi chake cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, ilikulia katika maqamu za Kiarabu, ambamo baadhi ya noti hukaa katikati ya vitufe viwili. Mpiga fidla hurekebisha kwa kidole na mpiga ganuni hugeuza vishikizo vyake vidogo. Mpiga kinanda ambaye chombo chake hakina uwezo huo hulazimika kuchagua noti iliyo karibu, na masikio ya wazee hutambua mara moja.

Surge husoma mafaili ya Scala, ambayo ni maandishi mepesi yanayoweza kuandikwa kwa programu yoyote ya kuandikia. Kila nusu toni huhesabiwa kuwa na senti 100, na noti 12 za oktavu huandikwa mstari kwa mstari: 100.0, 200.0, 300.0, hadi 1200.0. Anayetaka maqamu ya Rast kuanzia noti ya Do hubadilisha mistari miwili tu. Mstari wa nne, ulio wa noti ya Mi, hutoka 400.0 na kuwa 350.0; ule wa kumi na moja, ulio wa Si, hutoka 1100.0 na kuwa 1050.0. Faili likipakiwa, vitufe vya kinanda hubaki mahali pake lakini Mi na Si huketi panapotakiwa na maqamu. Kwa kuwa wapigaji hawakubaliani juu ya mahali hasa pa noti hizo, namba 350.0 inaweza kusogezwa hadi sikio liridhike. Jambo hili peke yake linatosha kuipa Surge nafasi katika studio ya taarabu.

Mapungufu yapo. Uso wa programu umejaa vitufe vidogo, na ingawa unaweza kukuzwa, anayeanza huchoka upesi. Maelekezo ni ya Kiingereza. Mshindani wake Vital, iliyotolewa na Matt Tytel mwaka 2020, ina toleo la bure na huonyesha mawimbi yakicheza mbele ya macho, kiasi kwamba mwanafunzi anaelewa kichujio kinafanya nini kwa kukitazama. Anayejifunza sintesaiza kwa mara ya kwanza atafika mbali zaidi kwa Vital. Serum ya kampuni ya Xfer, iliyouzwa dola 189 za Marekani ilipotoka mwaka 2014, ndiyo iliyojenga sauti nyingi za muziki wa kielektroniki wa muongo uliofuata, na toleo lake la pili la mwaka 2025 walipewa bure wenye toleo la kwanza.

Bei ya namna hiyo ndiyo iliyowasukuma wengi kwenye nakala za wizi. Mbali na suala la sheria, nakala hizo zina hatari ya vitendo: faili la kuvunjia leseni ni mlango mzuri wa virusi, na kompyuta iliyobeba kazi za wateja 40 si mahali pa kujaribia bahati. Programu isiyouzwa humwondolea mtayarishaji kishawishi hicho. Aidha, leseni ya GPL inahusu msimbo wa programu. Wimbo uliotengenezwa kwa Surge ni mali ya aliyeutunga.

Wapo wanaoona haya kutumia sauti za tayari. Historia haiwaungi mkono. Mwaka 1985 nchini Jamaika, mdundo uliokuja ndani ya kinanda kidogo cha Casio MT-40 uligeuzwa kuwa “Under Mi Sleng Teng” ya Wayne Smith, wimbo uliobadili mwelekeo wa reggae nzima. Tatizo huanza pale studio kumi za mtaa mmoja zinapotumia sauti ile ile bila kugusa hata kichujio.

Lililo zito kuliko yote hayo halisikiki siku ya kwanza. Mteja hurudi baada ya miaka mitano akitaka wimbo wake ubadilishwe, au kampuni ya filamu inauomba bila sauti ya mwimbaji. Je, utafunguka? Mwaka 2019 Apple ilipotoa mfumo wa macOS Catalina, programu zote za biti 32 zilikoma kufanya kazi humo kwa mkupuo, vikiwamo vyombo vya muziki ambavyo watunzi wake walikwisha kuviacha. Waliosasisha kompyuta bila kujiandaa walifungua nyimbo zao na kukuta nafasi tupu palipokuwa na besi.

Msimbo ulio hadharani hupunguza hatari hiyo, kwa kuwa mtu mwingine anaweza kuuendeleza mtunzi akichoka, na Surge yenyewe ni ushahidi. Hauiondoi kabisa. Watu wa kujitolea nao wana kazi na familia, na toleo jipya linaweza kubadili sauti ya zamani kidogo.

Kwa hiyo kila wimbo unaokamilika uhifadhiwe pamoja na faili la kusakinishia programu, namba ya toleo lililotumika, na kila chombo kikiwa kimetolewa peke yake kama faili la WAV, ambalo halihitaji sintesaiza yoyote kulifungua. Chombo kimoja cha pande mbili, kwa ubora wa biti 24 na wimbo wa dakika nne, huchukua takribani megabaiti 64. Vyombo 20 ni gigabaiti moja na robo hivi, na flashi ya kawaida ya gigabaiti 32 inabeba nyimbo 20 za namna hiyo na nafasi kubaki.