Bahasha Iliyoandikiwa Marehemu

Ndugu msomaji, wewe uliyezoea kupokea kadi ya harusi na kuichungulia haraka kama ni ya mchango au ni ya mwaliko, hebu siku moja simama kidogo pale juu ya bahasha. Mimi nilisimamishwa na bahasha mwaka jana, na mpaka leo sijaondoka pale niliposimama.

Dada yangu alikuwa anaolewa Mugumu, wilaya ya Serengeti. Sisi kwetu ni Tarime, kijijini. Kamati ya upande wa bwana harusi ikatuletea kadi kwa mkono wa kondakta wa basi. Kadi yenyewe ilikuwa safi, inang'aa, ina maua ya rangi ya dhahabu. Juu ya bahasha mtu mwenye mwandiko mzuri alikuwa ameandika "Bw. na Bi.", kisha majina mawili ya babu. Bibi hajui kusoma, akanipa nimsomee. Nikasoma kwa sauti. Akanyamaza kidogo, halafu akaniuliza, "Bwana yupi?"

Swali hilo halikuwa utani. Mwenye majina yale alifariki kabla mimi sijazaliwa. Ni jina lake ninalolitumia tangu darasa la kwanza, ni yeye aliyejazwa kwenye fomu zangu zote mahali palipoandikwa "jina la baba", lakini hakuniona wala sikumwona. Nyumba yetu ni nyumba ntobhu.

Wasomaji wa mbali wataniuliza, ndiyo nini hiyo? Nitaeleza kwa ufupi, maana magazeti hupenda kuieleza kama kioja. Kwa Wakurya wa zamani, mji wa mzee mwenye wake wengi haukuwa nyumba moja. Kila mke alikuwa na nyumba yake na hesabu ya ng'ombe wake. Binti wa nyumba hiyo akiolewa, ng'ombe wa mahari waliingia katika nyumba ya mama yake, na ndio waliotumika kumwolea mke kaka yake wa tumbo moja. Sasa, nyumba ikikosa mtoto wa kiume? Ng'ombe wapo, wa kuoa hayupo, na jina linakwenda kufa. Basi mama mwenye nyumba alichukua ng'ombe wale akaoa yeye mwenyewe. Mwanamke akamtolea mahari mwanamke mwenzake, ili azae watoto watakaobeba jina la nyumba.

Bibi yangu alizaa mabinti watupu. Ng'ombe wa shangazi zangu ndio waliomleta mama yangu. Bibi ndiye aliyetoa mahari, kwa hiyo kwa hesabu za mila ndiye aliyeoa. Aliyenizaa mimi na dada yupo hai, tunasalimiana sokoni, lakini kwenye bahasha yetu hana nafasi.

Nikasema kimoyomoyo, kamati hii imetukosea. Lakini baadaye jioni niliwaza, hivi kosa ni lao kweli? Wao waliandika kama bahasha zote zinavyoandikwa. Na mimi kwa kuwa ni mtu ninayetaka siku moja kuandika riwaya, nikaona haifai kulaumu neno kabla sijajua limetoka wapi.

Tuanzie mbali. Zamani mwaliko ulikuwa na miguu. Bibi anasema wakati wa usichana wake kijana alitumwa, anafika mjini kwa watu, anakaa, anapewa maji, ndipo anasema maneno aliyotumwa. Alijua amtangulize nani na amwite vipi, kwa sababu alikuwa anawaona usoni. Mwaliko wa namna hiyo haukuwa na haja ya "Bw." wala "Bi."

Bahasha ilikuja na boma, na shule, na kanisa. Wamenonaiti walifika Shirati mwaka 1934, na Mapadre wa Maryknoll wakafika Musoma mwaka 1946. Pamoja na Biblia na dawa vikaja vyeti vya ndoa, na cheti kina mistari miwili tu, wa mume na wa mke. Bomani nako neno Bwana lilikuwa na meno. Bwana Mkubwa, Bwana Shauri, Bwana DC. Wakubwa wale wamekwenda zao, ila Bwana Shamba bado yupo, na kwa bahati nzuri huyo hatozi kodi.

Huko Uingereza kwenyewe kumwandikia mume na kumweka mke nyuma yake kulikuwa na sababu. Kwa sheria yao ya zamani mwanamke akiolewa nafsi yake kisheria ilimezwa na ya mumewe, hata mali yake ikawa ya bwana. Mpaka ilipotungwa sheria ya mwaka 1882 ndipo mke akaruhusiwa kuwa na mali kwa jina lake mwenyewe. Kwa hiyo bahasha yenye jina la mume na mke asiye na jina ilikuwa inasema ukweli wa sheria ya kwao. Sisi tulipokea bahasha bila kuuliza imebeba sheria gani.

Maana hebu jaribu kuipeleka bahasha hiyo Butiama, hapa hapa Mara, enzi za Mtemi Nyerere Burito, baba yake Mwalimu. Mtemi huyo alikuwa na wake ishirini na wawili, na Mgaya, mama yake Mwalimu, alikuwa wa tano. "Bw. na Bi. Burito". Bi. yupi? Wakinamama ishirini na mmoja wangebaki nje ya ukumbi! Na usidhani ni mambo ya kale tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya wake zaidi ya mmoja, na inasema wake wa mume mmoja wana haki sawa. Bahasha ndiyo haijasoma sheria hiyo.

Wapo waliojaribu kututoa huko. TANU ilipokuja iliwafundisha wanachama wake kwamba binadamu wote ni ndugu, na baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, neno Ndugu likaingia kila mahali. Waziri ni Ndugu, tarishi ni Ndugu, mwanamke ni Ndugu, mwanamume ni Ndugu. Kwenye bahasha liliandikwa "Ndg." Neno hili lilikuwa na uzuri wake, kwani halikuuliza umeoa au umeolewa, wala una cheo gani. Halafu mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa tena kisheria, bunge likachangamka, na katika miaka ile Mheshimiwa akaingia kwa kishindo. Leo kwenye orodha ya waalikwa wa harusi yoyote mjini Tarime utakuta "Mhe." wengi kuliko viti vya meza kuu.

Nilimwambia Bibi kwamba tungeweza kuandikiwa Ndugu na Ndugu, mambo yakaisha. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Ndugu? Mura, mimi sikutoa ng'ombe kumwoa ndugu yangu!"

Kwa upande wetu tulikuwa na sherehe ya kumuaga dada, na kamati ya vijana ikanipa kazi ya kuandika bahasha, eti kwa sababu nina mwandiko na nimefika kidato cha nne. Bahasha themanini. Washikaji wangu, hapo ndipo nilipojua kwamba kuandika jina la mtu si jambo dogo.

Kwanza, majina yenyewe. Kwetu Mwita, Chacha, Marwa na Nyamhanga ni wengi kama mawe ya milima ya Tarime. Ukiandika "Mwita Chacha" bila nyongeza, kadi inaweza kula kwa watu watatu na wote wakaja. Zamani barua ilipitia sanduku la posta la shule au la kanisa, mwalimu akasoma majina mstarini, na anayehusika akajijua. Mwaka 2022, kabla ya sensa, serikali ilifanya operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapewa namba na mitaa majina. Lakini kadi ya harusi haisafiri kwa namba. Inasafiri kwa mkono wa mtu, au siku hizi kwa WhatsApp, na mtu yule anataka kujua ni Mwita yupi. Kwa hiyo tuliandika "Mwita Chacha, Mashine" kwa yule mwenye mashine ya kusaga, na "Mwita Chacha, Mwalimu" kwa yule mwalimu. Heshima iliyopatikana kwa kazi haina shida kwenye bahasha. Julius Kambarage alikuwa Mwalimu, na nchi nzima haikuhitaji neno jingine.

Pili, wajane. Mwenyekiti wetu wa kamati alisema waandikwe "Mjane wa marehemu fulani". Nikakataa. Nikamkumbusha Bibi Titi Mohamed, aliyewaongoza akinamama wa TANU tangu mwaka 1955. Alikuwa bado hajafikisha miaka thelathini, na nchi ilimwita Bibi kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina la mume. Neno letu Bi. haliulizi kama umeolewa. Wamarekani walihangaika mpaka miaka ya 1970 ndipo "Ms." likazoeleka kwao kwa kazi hiyo hiyo. Sisi tunalo siku zote, tunaliweka tu mahali pabaya, nyuma ya "Bw. na".

Tatu, single na double. Kadi ya watu wawili iliandikwa kwa ajili ya mume na mke. Mzee mwenye wake watatu apewe kadi ngapi? Kamati ilibishana hapo mpaka soda zikaisha. Mwishowe tukarudi kwenye mila bila kujua kwamba tumerudi, tukaandika kadi moja kwa kila nyumba, kwa jina la mama mwenye nyumba. Mzee atajua mwenyewe aingie na kadi ipi.

Nikabaki na bahasha ya kwetu. Ndiyo, niliamua na sisi tuwe na bahasha, kwa sababu ile ya Mugumu ilikuwa imelala kwenye kabati kama kesi isiyoamuliwa. Nikafurahi kwamba jibu limepatikana. "Nyumba ya Bibi fulani". Ndivyo mila inavyosema, nyumba ni ya mwanamke. Nikaandika, nikampelekea mama aone.

Mama alikuwa anapepeta mtama. Akaiangalia muda mrefu. Yeye alisoma mpaka darasa la sita, akatolewa shuleni alipoletewa ng'ombe. Akasema taratibu, "Umeandika vizuri. Na mimi niko wapi?"

Jamani. Nilikuwa nimemlaumu mtu wa Mugumu kwa kumweka maiti mahali pa bibi yangu, na mimi nikamfunika mama yangu kwa jina la bibi, vile vile kama mke wa Mwingereza alivyofunikwa. Sheria haiitambui ndoa yao, maana kwake ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Mila inamtambua, ila kama mkamwana wa nyumba, tumbo la kuzalia jina. Wanaoitetea nyumba ntobhu husema inamheshimu mwanamke, na ni kweli, ilimheshimu bibi yangu. Wanaoipinga husema wasichana huletwa bila kuulizwa, na hilo pia ni kweli. Mama yangu alikuwa na miaka kumi na saba, na hakuulizwa.

Nilichukua bahasha mpya. Nikaandika mstari wa kwanza Bi., na jina la bibi kama alivyopewa na baba yake. Mstari wa pili Bi., na jina la mama kama alivyopewa na baba yake. Sikuweka "na" katikati, wala "mkamwana", wala "familia ya". Mistari miwili, herufi za ukubwa mmoja. Nilimsomea Bibi. Akauliza la babu liko wapi. Nikamwambia, "Hilo ninalo mimi." Akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kuchoka.

Siku ya sherehe waliingia wote wawili kwa kadi hiyo. Mama aliishika mwenyewe mpaka mlangoni, na kijana wa kamati alipotaka kuibakiza, akampa kadi ya ndani, bahasha akaikunja akaitia kwenye kanga.