Mjumbe wa Miungu: Ugiriki, Tunguu na Lugalo

Wagiriki wa kale walimwita Hermes: mjumbe wa miungu, mwenye viatu vya mabawa. Warumi walimfananisha na mungu wao Mercury. Waandishi wa hadithi za kisayansi nao wamempa kazi mpya. Katika riwaya ya Andy Weir, The Martian, Hermes ni chombo kinachowavusha wanaanga kati ya Dunia na Mirihi.

Jina la Mercury lilifika hata kwetu. Marekani iliuita Mercury mpango wake wa kwanza wa kumpeleka binadamu angani, na kituo kimoja cha mawasiliano kilijengwa Tunguu, Unguja. John Glenn alipoizunguka Dunia mara tatu, tarehe 20 Februari 1962, Tunguu ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyofuatilia safari yake. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Iringa ilijua thamani ya habari iendayo mbio kabla ya mitambo ya Tunguu. Pale Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa mtemi Mkwawa waliuvizia na kuuvunja msafara wa kijeshi wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski. Shambulio la namna ile halifanyiki bila wapelelezi wepesi wa miguu, na majina ya wengi wao hayamo vitabuni. Wanastahili kuingia katika hadithi za kisayansi za Kiswahili. Kijana unayesoma hapa, waandike.