Minyororo Chini ya Vazi: Utumwa katika Asili ya Alama Tatu za Uhuru wa Marekani

Uhuru wa Marekani una alama tatu zinazojulikana kuliko zote: kengele yenye ufa iliyoko Philadelphia, mwanamke wa shaba nyeusi anayesimama juu ya kuba la Capitol mjini Washington, na yule mwenye mwenge katika bandari ya New York. Vitabu vya shule na vya watalii huzisimulia zote tatu kwa mkato mmoja, kwamba Wamarekani walijikomboa kutoka kwa mfalme wa Uingereza mwaka 1776 na alama hizi zinaadhimisha ukombozi huo. Makala hii inapinga simulizi hiyo. Hoja yangu ni kwamba ugomvi uliozipa alama hizi maana yake, au uliozifinyanga sura zake, ulikuwa ule wa karne ya kumi na tisa juu ya utumwa wa Waafrika. Zaidi ya hayo, ugomvi huo haukusahaulika wenyewe kwa kupita miaka. Uliondolewa na watu ambao majina yao tunayajua, na mara nyingine barua walizoandika bado zipo.

Tuanze na kengele, kwa kuwa ndiyo kongwe. Iliagizwa mwaka 1751 na baraza la kutunga sheria la koloni la Pennsylvania, chini ya spika wake Isaac Norris, kutoka karakana ya Whitechapel, London. Ilifika mwaka 1752 ikapasuka ilipojaribiwa, na mafundi wawili wa Philadelphia, John Pass na John Stow, wakaiyeyusha na kuisubu upya mwaka 1753. Kwa miaka mingi ilikuwa kengele ya kazi tu, ya kuwaita wajumbe kikaoni na wananchi kusikiliza matangazo. Mwaka 1828 jiji lilipoagiza kengele mpya kwa John Wilbank, ile ya zamani alipewa yeye kama chuma chakavu. Aliiacha ilipo, kwa sababu gharama ya kuisafirisha ingezidi thamani yake. Kitu kitakatifu cha taifa hakitupwi hivyo. Wakati huo haikuwa bado kitu kitakatifu.

Kilichoibadili ni maandishi yaliyochorwa ubavuni mwake, yaliyotoka katika Kitabu cha Walawi, sura ya 25, aya ya 10. Aya hiyo inahusu mwaka wa hamsini, mwaka wa yubile, ambapo uhuru hutangazwa kwa wakazi wote wa nchi na mtu aliyejiuza kwa ufukara hurudi kwa jamaa zake. Wengi huamini kwamba Norris aliichagua kwa kuwa Hati ya Haki ya William Penn ya mwaka 1701 ilikuwa inatimiza miaka hamsini. Wapinga utumwa waliisoma kwa jicho jingine. Mwaka 1835 chapisho lao la New York, Anti-Slavery Record, liliiita kengele hiyo Kengele ya Uhuru na kusema kwamba milio yake imekuwa dhihaka, maana sehemu moja ya sita ya wakazi wote wa nchi ni watumwa. Mwaka 1837 picha yake ilichapishwa mbele ya jarida lao lingine, na kuanzia 1839 Maria Weston Chapman wa Boston alitoa kitabu cha kila mwaka chenye jina hilo ili kuchangisha fedha za harakati. Jina ambalo dunia nzima inalitumia leo lilitungwa kama shutuma. (Watetezi wa utumwa nao walikuwa na Biblia ileile: walipenda kunukuu aya za 44 hadi 46 za sura hiyohiyo, zinazoruhusu kununua watumwa kutoka mataifa jirani. Vita vya tafsiri vilipiganwa ndani ya ukurasa mmoja.)

Simulizi ya 1776 ilikuja baadaye. Mwaka 1847 mwandishi George Lippard alitunga hadithi ya mzee aliyengoja katika mnara tarehe 4 Julai, hadi ishara ilipotolewa akaipiga kengele kwa furaha. Ni hadithi tu. Tangazo la Uhuru lilisomwa hadharani tarehe 8 Julai, na tukio la mzee huyo halina ushahidi. Hata hivyo hadithi ya Lippard iliingia katika vitabu vya historia, na shutuma ya 1835 ikatoka.

Ushahidi wa Capitol ni mzito zaidi, nami nitakaa nao kwa muda. Katika miaka ya 1850 jengo la Bunge lilikuwa linapanuliwa, na mbunifu Thomas U. Walter alichora kuba jipya la chuma lenye sanamu kileleni. Kazi ya sanamu ilipewa Thomas Crawford, Mmarekani aliyekuwa na karakana Rumi. Mchoro mmoja aliouleta ulimvika mwanamke huyo kofia laini ya Kirumi, ile ambayo katika Rumi ya kale mtumwa alivishwa siku ya kuachwa huru. Wasanii wa Ulaya na Marekani walikuwa wameitumia kwa miongo mingi kama ishara ya uhuru. Ujenzi wa Capitol, hata hivyo, ulikuwa chini ya Wizara ya Vita, na Waziri wa Vita alikuwa Jefferson Davis wa Mississippi, mmiliki wa shamba la pamba na wa watumwa.

Davis aliikataa kofia. Katika barua ya Januari 1856 alieleza kwamba asili ya kofia hiyo haiwafai watu waliozaliwa huru na wasiokubali kufanywa watumwa, akashauri ibadilishwe kwa kofia ya vita. Crawford alitii. Aliweka helmeti yenye kichwa cha tai na manyoya, nayo ndiyo inayoonekana hadi leo. Ukimtazama mwanamke huyo kutoka chini huwezi kujua kwa nini kichwa chake kimejaa manyoya. Wageni wengi humdhani mwenyeji wa asili wa Marekani. Barua ya Davis inalijibu swali hilo. Alielewa kofia ile inasema nini kuliko walivyoelewa wengi wa wakati wake: kwamba uhuru hupewa maana na yule aliyekuwa hana, na kwamba katika nchi yake walikuwapo mamilioni ya watu wa namna hiyo. Kukataa kwake ni ushahidi wa kwanza wa hoja yangu, kwa sababu hakuna anayesumbuka kuondoa alama isiyo na maana.

Crawford alikufa mwaka 1857. Kielelezo chake cha plasta kilisafirishwa vipandevipande na kufika Washington kufikia 1859, na kazi ya kukisubu kwa shaba nyeusi ikapewa Clark Mills, aliyekuwa na karakana nje kidogo ya jiji. Miongoni mwa wafanyakazi wake alikuwemo Philip Reid, mtumwa ambaye Mills alimnunua Charleston kwa dola 1,200. Mtoto wa Mills alisimulia miaka kadhaa baadaye kwamba fundi Mwitaliano aliyeviunganisha vipande vya plasta aligoma kuvitenganisha mpaka aongezewe malipo. Reid ndiye aliyepata njia. Alifunga kapi na kamba kwenye pete ya chuma iliyokuwa utosini, akaivuta sanamu juu polepole hadi mistari ya maungio ikajitokeza. Simulizi hiyo imetoka kwa familia ya mmiliki na inastahili kusomwa kwa tahadhari. Orodha za malipo ya serikali hazihitaji tahadhari hiyo. Zinaonyesha kwamba kati ya Julai 1860 na Mei 1861 Reid alilipwa dola 1.25 kwa siku kwa kutunza moto chini ya kalibu, lakini ujira wa siku sita za juma ulikwenda kwa Mills. Wa Jumapili tu ndio uliokuwa wake mwenyewe. Jumapili 33 zilimpatia dola 41.25, naye alitia alama ya X mahali pa saini.

Tarehe 16 Aprili 1862 Bunge lilifuta utumwa ndani ya Washington na kuahidi kuwafidia wamiliki. Mills aliwasilisha ombi akidai dola 1,500 kwa ajili ya Reid. Katika ombi hilo alimsifu kwa akili na ufundi wa karakana ili bei ipande, na mwishowe alilipwa dola 350.40. Kwa hiyo kipande cha mwisho cha sanamu kilipopandishwa tarehe 2 Desemba 1863 kwa mizinga 35, Reid alikuwa mtu huru, naye Davis alikuwa Richmond akiongoza shirikisho la majimbo yaliyojitenga ili kuulinda utumwa. Sijui jambo jingine katika historia ya sanaa ya Marekani ambalo vita vizima vya wenyewe kwa wenyewe vimekaa ndani yake kwa ukamilifu kama hili.

Vita vilipokwisha, kazi ya kupatanisha Kaskazini na Kusini ilihitaji vitu ambavyo watu weupe wa pande zote mbili wangeweza kuviheshimu pamoja, na kengele ilitumika. Kuanzia 1885 ilisafirishwa kwa treni kwenda kwenye maonyesho makubwa, New Orleans kwanza, kisha Chicago mwaka 1893, Atlanta 1895 na kwingineko. Januari 1885 msafara huo ulisimama Biloxi, na aliyeilaki alikuwa Jefferson Davis, mzee sasa, akatoa hotuba ya heshima na umoja wa taifa. Mtu aliyeikataa kofia ya mtumwa aliyeachwa huru hakuona shida yoyote kuiheshimu kengele iliyopewa jina na wapinga utumwa. Hakuna ushahidi ulio wazi zaidi kwamba kufikia mwaka huo kengele ilikuwa imekwisha kunyamazishwa.

Sanamu ya New York ina historia yenye mchanganyiko zaidi, na haki ni kuikiri. Édouard de Laboulaye, mwanasheria wa Kifaransa aliyetoa wazo lake, alikuwa pia akipambana kwa kalamu na utawala wa Napoleon wa Tatu nyumbani kwake, na kuisifu Marekani kulikuwa njia ya kuikosoa Ufaransa. Mchongaji Auguste Bartholdi naye alikuwa amejaribu bila mafanikio kumshawishi Khedive Ismail wa Misri ajenge mnara wa taa wenye umbo la mwanamke mkulima mlangoni mwa mfereji wa Suez. Lakini Laboulaye aliongoza jumuiya ya Kifaransa ya kupinga utumwa, na kilichomsisimua mwaka 1865 kilikuwa ushindi wa Kaskazini na mwisho wa utumwa. Katika kielelezo cha awali cha karibu mwaka 1870 mkono wa kushoto ulishika mnyororo uliokatika. Baadaye mnyororo ulishushwa miguuni, nusu umefunikwa na vazi, na mkononi kikawekwa kibao cha tarehe 4 Julai 1776. Mtu aliyesimama chini ya msingi wa mawe hauoni mnyororo huo.

Sanamu ilizinduliwa tarehe 28 Oktoba 1886. Mwezi uliofuata gazeti la Weusi la Ohio, Cleveland Gazette, liliandika kwa uchungu kwamba mwenge ule usiwashwe mpaka mtu mweusi wa Kusini aweze kuishi bila kupigwa na kuuawa. Mwaka mmoja kabla, Mchina Saum Song Bo alikuwa amepinga hadharani kuombwa mchango wa msingi wa sanamu wakati sheria ya 1882 ilikuwa imewafungia Wachina mlango. Maana ya leo ya sanamu hiyo, ya kuwakaribisha wahamiaji, ilitokana na shairi la Emma Lazarus la 1883 lililobandikwa kwenye kibao cha shaba ndani ya msingi mwaka 1903. Ni maana nzuri, nami siipingi. Ila ilichukua nafasi ya nyingine iliyokuwapo kabla.

Kuna uvumi unaosambaa sana kwamba sanamu hiyo ilichongwa kwanza kwa mfano wa mwanamke mweusi. Taarifa iliyoandaliwa mwaka 2000 kwa ajili ya Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani haikupata ushahidi wake. Nadhani tuuache. Mnyororo ni wa kweli, umepigwa picha, unashikika. Hauhitaji kupambwa kwa jambo lisilothibitika, na kila anayeurudia uvumi ule anawapa wapinzani sababu ya kuukana na mnyororo pia.

Pingamizi zito zaidi ni jingine. Linasema kwamba alama ni mali ya wanaoitumia, kwamba maana hubadilika, na kwamba anayeifunga alama kwa asili yake anafanya kosa la kimantiki. Nakubali sehemu ya hoja hiyo. Mwaka 1915 wanawake waliodai kura huko Pennsylvania walisubu nakala ya kengele, wakafunga ulimi wake kwa mnyororo na kuapa kuwa haitalia mpaka wapate haki yao. Ililia mwaka 1920. Hayo ni mabadiliko ya maana, na ni halali kabisa. Lakini tazama walichofanya: walirudisha shutuma. Walisema kama walivyosema wapinga utumwa wa 1835, kwamba maandishi ya kengele bado hayajatimizwa. Ninachokipinga ni mabadiliko yanayogeuza dai kuwa pongezi, kisha yakaitwa mapokeo. Tofauti ya mambo hayo mawili inaweza kuonyeshwa kwa nyaraka, na ni wajibu wa mwanahistoria kuionyesha.

Tena si kweli kwamba asili ilisahaulika na wote. Richard R. Wright alizaliwa mtumwa Georgia mwaka 1855, akawa mwalimu, kisha mwanzilishi wa benki Philadelphia. Alipendekeza tarehe 1 Februari iwe Siku ya Taifa ya Uhuru, kwa kuwa siku hiyo mwaka 1865 Rais Lincoln alitia saini azimio la Marekebisho ya Kumi na Tatu ya katiba, yanayokomesha utumwa. Mahali alipochagua pa kuweka shada la maua kila mwaka, kuanzia 1942, palikuwa mbele ya Kengele ya Uhuru. Wright alifariki mwaka 1947, na mwaka uliofuata Rais Truman akatia saini sheria ya siku hiyo. Mwaka 2003 kengele ilipohamishiwa jengo jipya, wakazi wa Philadelphia na wanahistoria walikuwa tayari wakidai kwamba wageni waambiwe juu ya nyumba ya George Washington iliyokuwa hatua chache kutoka mlangoni. Aliwaweka humo watumwa, akiwazungusha kati ya Philadelphia na Virginia ili wasitimize miezi sita ambayo sheria ya Pennsylvania ya 1780 ingewapa haki ya kudai uhuru. Maonyesho ya nyumba hiyo yalifunguliwa Desemba 2010. Mmoja wa watu waliotajwa humo alikuwa Ona Judge, aliyetoroka mwaka 1796 akafika New Hampshire, na hakurudi ingawa Washington alituma watu kumfuata.