Tulikuwa Tunasindikizana Mpaka Jukwaani

Wadau, leo naongelea jukwaa. Si la kuimbia, ni la treni: ile sakafu ndefu kando ya reli unaposimama na begi lako. Hapa Mombasa jukwaa limehama, na likahama na kitu chetu.

Tuanze Old Town. Hivi mnajua kabla ya treni kulikuwa na troli? Miaka ya 1890 kisiwa hiki kilikuwa na reli nyembamba, upana wa futi mbili hivi, kutoka Government Square pale karibu na bandari ya kale mpaka Kilindini. Injini hakuna. Kigari kina kiti na paa, halafu nyuma wanaume wanasukuma mbio mbio juani. Wakubwa wa serikali walikuwa na vijireli vyao vya kuchepuka hadi nyumbani. Yaani jukwaa la mtu ni baraza yake! Wenye nyumba hizo, si wasukumaji. Miaka ya 1920 magari yakaanza kuzoeleka, troli zikafa.

Reli kubwa ilianza kutandikwa Kilindini 1896, upana wa mita moja, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Stesheni ya mjini ni ile tunayoijua, mwisho wa Haile Selassie, reli zinaishia pale. Na kabla hamjasema nalilia ukoloni: enzi hizo daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili Wahindi, la tatu Waafrika. Pale behewa lako linaposimama ndipo na wewe unaposimama, kwa hivyo hata sakafu moja ilikuwa imegawanywa.

Lakini baada ya uhuru watu walilichukua jukwaa lile likawa lao. Nyanya yangu, mtu wa Kibokoni, anasema akisafiri mmoja, wanakuja kumi. Treni inatoka jioni, inalala njiani. Mizigo inapitishwa dirishani, halua na kashata za watu wa bara pia dirishani, hata mtoto aliyesahaulika kubusiwa analetwa dirishani. Treni ikianza kusogea, watu wanatembea nayo wakishika mikono mpaka sakafu iishe. Sakafu ikiisha, ndio umesafiri.

Aprili 2017 treni ya usiku ikasimama. Tarehe 31 Mei mwaka huo ikazinduliwa SGR, reli ya milimita 1,435, na stesheni yake haiko kisiwani kabisa. Unavuka Makupa, unapita Changamwe, ndio ufike Miritini. Halafu mpangilio wenyewe ni mwingine: mabegi yanapangwa mstari mbwa wanuse, kuna skana, kuna ukumbi wa kusubiri, ndipo jukwaa. Huna tiketi, hulioni. Sitawadanganya, safari ni poa, masaa matano hivi uko Nairobi, na usalama naelewa. Ila zamani jukwaa lilikuwa kama kibaraza cha mji. Siku hizi ni kama uwanja wa ndege: msafiri peke yake na simu yake.

Mimi nilipokwenda chuo Nairobi, nyanya aliniaga mjini kwenye mlango wa matatu. Miguu yake haingeweza safari ya Miritini kwenda na kurudi. Alikuwa amenishika kichwa ananisomea dua, kondakta anagonga bodi, twende twende, dua ikakatika katikati. Nilikaa kiti cha nyuma nikimtafuta kwa kioo. Hakukuwa na sakafu ya kutembea nami.

Mwaka wa pili nikaacha chuo. Nikarudi na begi lile lile, nikashuka Miritini usiku. Na hapa nitakuwa mkweli: usiku huo nilishukuru jukwaa halina watu wa kwetu. Kwenye stesheni ya zamani wangekuwa kumi wananisubiri, na kila mmoja ana swali.

Kisha ukaja mradi wa kuunganisha Miritini na stesheni ya mjini kwa reli ile ya zamani. Nilipomwambia nyanya, nilidhani ataniuliza nauli. Akaweka kikombe chini.

"Na sisi tusiosafiri, watatufungulia?"