Cheche Iliyochelewa

Gari la marehemu baba lilikuwa Peugeot 404, pikapu, rangi ya maziwa iliyokwisha kuchujuka kwa jua la Usukumani. Alilinunua mwaka 1974 kwa mtumishi mmoja wa mgodi wa almasi wa Mwadui aliyekuwa anarudi kwao. Siku hizo hapakuwa na haja ya kumweleza mtu 404 ni gari gani. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, na mwenzake Chris Rothwell walikuwa wameshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki kwa gari la aina hiyo mwaka 1966, wakarudia mwaka 1967. Baba alilitaja jina la Shankland kama watu wengine wanavyomtaja mjomba wao. Nadhani alilinunua kwa ajili ya Shankland zaidi kuliko kwa ajili ya mizigo.

Lakini mizigo lilibeba. Benki Kuu ilipoanza kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo mwaka 1990, machimbo ya Nyarugusu na Bulyanhulu yalijaa watu kutoka kila pembe ya nchi, na watu hao walihitaji mchele, dagaa, sabuni na betri za tochi. Baba aliwapelekea. Msimu wa pamba ulipofika aliacha machimbo na kubeba pamba.

Usiku mmoja wa Julai 1992 tulikuwa tunatoka Kahama kwenda Shinyanga na shehena ya pamba. Mimi nilikaa mbele na baba; mama na utingo walikuwa juu ya magunia. Tulikwisha kupita Isaka, hatujafika Tinde, mama akaanza kupiga paa la kebini kwa kiganja. Alikuwa amesikia harufu ya kitu kinachoungua. Tulishuka, na sitasahau nilichokiona. Manifoldi ya moshi ilikuwa nyekundu kama kaa, na wekundu ule ulishuka kwenye bomba mpaka chini ya kebini. Sakafu ya nyuma ilikuwa imeliwa na kutu, baba akaiziba kwa mbao, na katika nafasi za mbao vishungi vya pamba vilikuwa vinaning'inia. Kimoja kilikwisha kuwa cheusi nchani.

Chuma huanza kuonekana chekundu gizani kikishapita nyuzijoto 500. Pamba huwaka kwenye joto la yapata nyuzi 400. Mahesabu hayo nimeyajua baadaye. Usiku ule nilijua tu kwamba mama alikuwa amekaa juu ya moto. Utingo kwa hofu alichukua dumu la maji ya rejeta akaimwagia manifoldi. Ililia kama risasi, ikapasuka. Tulilala pale pale mpaka asubuhi, tukiwa tumeshusha magunia yote kando ya barabara.

Gari hilo lilikuwa na ugonjwa wa kuchemka tangu zamani, na baba alikwisha kulitibu sana. Rejeta ilizibuliwa mara mbili. Gasketi ya hedi ilibadilishwa, hedi ikapelekwa Mwanza kunyooshwa. Ng'ombe watatu waliuzwa kwa kazi hiyo, na mmoja kati yao alikuwa ametengwa kwa ada yangu ya shule. Kila fundi aliyelitazama aliona maji yanachemka, akaenda kutafuta ugonjwa kwenye maji. Mimi siwalaumu sana. Mtu akiwa na homa, nani huanza kumtazama meno?

Aliyeutambua ugonjwa alikuwa mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi kwenye karakana ya Mwadui, akastaafu na kufungua gereji yake chini ya mkwaju pale Shinyanga mjini. Tulimkuta amekaa juu ya tairi.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Liwashe."

Hakufungua kitu. Alisikiliza, akamwambia baba akanyage mafuta, akasikiliza tena. Akauliza kama gari limepungua nguvu mlimani na kama linakunywa petroli kuliko zamani. Baba akajibu ndiyo kwa yote mawili. "Basi rejeta yako haina kosa," akasema yule mzee. "Gari lako linawasha moto wakati wageni wamekwisha kuondoka."

Hapana budi nieleze alichomaanisha, maana ndicho kiini cha habari hii. Mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda hauungui mara moja. Unahitaji muda, mfupi sana, lakini ni muda. Kwa hiyo plagi inatakiwa kutoa cheche kabla pistoni haijafika juu kabisa, ili nguvu ya moto ije kuisukuma wakati inapoanza kushuka. Injini ikienda mbio zaidi, cheche inatakiwa iwahi zaidi. Cheche ikiwahi kupita kiasi injini hugonga, na pistoni zaweza kutoboka. Ikichelewa, moto huwa ungali unawaka valvu ya moshi inapofunguka, nao hutoka nje na joto lake lote. Joto lililotakiwa kusukuma gari linakwenda kuchoma hedi, valvu na bomba la moshi. Hapo ndipo maji huchemka, na mwenye gari hununua rejeta.

Zamani dereva aliishika kazi hii mkononi mwake. Ford ya Model T iliyoanza kutengenezwa mwaka 1908 ilikuwa na kijiti karibu na usukani cha kuwahisha au kuchelewesha cheche. Baadaye kazi hiyo ikaachiwa distributa: ndani yake mna vyuma viwili vidogo vinavyotanuka kwa mzunguko na kuiwahisha cheche kadiri mwendo unavyoongezeka.

Mzee alifungua distributa. Vyuma vile vilikuwa vimeganda kwa kutu, havitanuki hata kwa bisibisi. Pointi zilikuwa zimelika. Kile kisigino chake kinachosuguana na ekseli kilikuwa kimebaki kama ukucha, na kisigino kikilika pointi huchelewa kufunguka, na cheche nayo huchelewa. Kisha akazungusha injini kwa mkono mpaka kwenye alama ya kiwandani, akaunganisha taa ndogo ya balbu kwenye waya wa koili ili aone pointi zinafunguka wakati gani. Taa ilikataa kuwaka mpaka alama ilipokwisha kupita mbali.

Akamgeukia baba. "Nani aliirudisha timingi nyuma namna hii? Hii si kazi ya kulika tu. Hii ilifungwa kwa spana."

Baba alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mimi."

Nilikuwa sijui habari hiyo. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na bei ya mafuta ya dunia kupanda wakati ule ule, nchi ilikauka. Msomaji wa umri wangu atakumbuka foleni za petroli, vibali vya wilaya, na magari ya watu binafsi kukatazwa kutembea Jumapili mchana. Petroli iliyopatikana nje ya foleni iliuzwa usiku kwa dumu, nayo ilikuwa imechanganywa mafuta ya taa. Mafuta ya taa yakiingia kwenye petroli huiondolea uwezo wa kustahimili mgandamizo, injini ikaanza kugonga. Baba alisikia pistoni zinalia kama mtu anayepiga karanga ndani ya kopo. Mwaka 1981 akalegeza bolti ya distributa, akaizungusha kidogo upande wa kuchelewesha, kugonga kukaisha. Alifanya sawa. Asingefanya hivyo, injini ingekufa mwaka ule, wala pistoni mpya asingezipata. Hata pointi zilikuwa hazipatikani. Alizisugua kwa ubavu wa kiberiti akazirudisha.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao kuingiza bidhaa, vipuri vikaanza kuonekana madukani, na petroli ya mjini ikawa petroli. Lakini hakuna aliyekumbuka kuirudisha distributa mahali pake. Kwa miaka minane gari letu liliendelea kuishi katika njaa iliyokwisha. Na ng'ombe waliuzwa.

Nilimkasirikia baba kwa siku kadhaa, sitaficha. Nilimhesabia ng'ombe mmoja mmoja. Sikumwambia, naye hakuuliza.

Yule mzee alisafisha vyuma, akaweka pointi mpya, akachomelea manifoldi, akaweka timingi kwenye alama. Gari likapanda mlima kama kijana. Wiki iliyofuata tulikwenda Nyarugusu, tukajaza kwa dumu kutoka kwa mchuuzi wa machimboni, na kabla hatujamaliza maili kumi injini ikaanza kupiga karanga zake tena. Baba alisimamisha gari, akanitazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Ilikuwa mara ya kwanza tucheke pamoja tangu ule usiku wa pamba.

Tuliporudi, mzee alichukua tupa akachora mistari miwili kwenye shingo ya distributa: mmoja wa petroli ya mjini, mwingine wa machimboni. Akanifundisha kuihamisha kwa spana moja, na kwamba ukiuzungusha mwili wake kinyume cha mwendo wa rota cheche inawahi. Tukitoka Kahama kuelekea machimbo nilishuka nikahamisha, tukirudi nikarudisha. Niliifanya kazi hiyo mpaka wachimbaji wadogo walipoondolewa Bulyanhulu Agosti 1996 na biashara yetu upande ule ikafa.

Uchanganyaji haukuisha miaka ile. Ulidumu hata ukapata jina lake, uchakachuaji, na mwaka 2011 serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchanganyaji asione faida. Mwanangu ana gari ambalo kompyuta yake husikia injini ikitaka kugonga na kuichelewesha cheche yenyewe, kisha huirudisha bila kuagizwa. Nilipomwonyesha mistari miwili ya tupa alidhani ni mikwaruzo.

Mama hakupanda tena juu ya pamba. Alikaa mbele, mimi nikapanda nyuma, na kila tulipopita Isaka usiku alimwambia baba asimame. Alishuka na kitenge chake, akainama akatazama chini ya kebini, akahakikisha ni giza tupu, ndipo akapanda.